Siku Thelathini za Kunyamaza

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa tisa, mume wangu alifariki Unguja, katika nyumba ya mama yake, saa kumi alfajiri. Hapa Guangzhou wakati huo ni saa tatu ya asubuhi. Nilikuwa dukani, naivalisha sanamu ya mtoto kanzu ndogo ya sampuli.

Alikuwa amekwenda kumtazama mama yake, aliyekuwa na homa. Mama akapona, yeye akaondoka. Walimzika alasiri hiyo hiyo. Mimi sikuwepo, na hata ningepata ndege siku ile nisingewahi.

Baada ya mume nilipoteza duka. Hilo la pili ndilo watu huniuliza, kwa sababu la kwanza wanaona haya kuliuliza. Wengine wamekwenda kusema nyumbani kwamba Mchina alinidhulumu. Sikudhulumiwa. Nimeona niandike ilivyokuwa, na nianze na kosa langu.

Duka letu lilikuwa ghorofa ya tatu, katika moja ya yale majengo makubwa ya nguo za jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu, karibu na stesheni ya treni. Lilikuwa dogo, mlango wa kioo, ndani watu wanne wakisimama wa tano anasubiri nje. Tulishughulika na nguo za watoto za sikukuu na mabaibui. Mfanyabiashara akitoka Dar, Unguja au Mombasa, anakuja kwetu, anachagua sampuli, sisi tunapeleka kwa washonaji, tunakagua, tunafunga marobota, tunasafirisha. Mume wangu aliijua lugha ya hapa. Mimi nilijua vitambaa. Shule niliishia darasa la nane, lakini kitambaa nikikishika gizani nakwambia kitachuja au hakitachuja. Miaka tisa tulifanya hivyo.

Sasa, sisi wafanyabiashara wa kwetu tuna tabia moja. Viza zetu ni za kwenda na kurudi. Mtu hujui lini utalazimika kupanda ndege, na Mchina akitaka karatasi anaitaka leo. Kwa hiyo kabla ya safari mtu huketi, huchukua karatasi tupu kama tano, hutia sahihi chini ya kila moja, hugonga na dole gumba kwa wino mwekundu, kisha humwachia mkewe, au ndugu yake, au yule anayekaa naye chumba. Likitokea jambo, maneno yanajazwa juu. Tunaziita karatasi za akiba. Kila duka la Mswahili ninalolijua lina karatasi za akiba ndani ya droo. Mume wangu aliniachia sita.

Mkataba wetu wa pango ulikuwa unaisha siku ile ile ya Jumanne. Mwenye duka ni mama wa Kichina wa miaka sitini na kitu, mfupi, anatembea na chupa yake ya chai mkononi. Tulimwita laoban, kama watu wote wa pale wanavyomwita mwenye mali. Alikubali kutuongezea miaka mitatu, lakini alisema wazi kwamba jirani yetu muuza suruali anataka kuutoa ule ukuta wa katikati apanue duka lake, na yuko tayari wakati wowote. Alisema atapita Jumanne saa nne asubuhi kuchukua karatasi, kisha anasafiri kwenda kwa binti yake.

Saa tatu na dakika kumi simu ililia mara moja. Ujumbe wa sauti kutoka kwa shemegi yangu, mdogo wake mume wangu. Sekunde kumi na mbili.

Niliuangalia. Huko kwao ilikuwa alfajiri haijaadhiniwa. Shemegi yangu hajapata kuniletea ujumbe wa sauti maishani mwake. Yeye ni mtu wa kuandika, tena neno moja moja. Na mume wangu usiku ule hakuniandikia kwamba amelala, kama alivyokuwa akiandika kila siku.

Niliiweka simu kifudifudi juu ya rundo la mabaibui. Nikamaliza kuivalisha sanamu. Nikafungua droo, nikatoa karatasi ya akiba moja, nikaweka mbele yangu mkataba wa zamani, nikanakili maneno yote ya Kichina kama mtu anavyonakili picha, kistari kwa kistari, nikabadilisha miaka. Laoban alikuja saa nne kamili, akasoma, akatia sahihi yake, akaniuliza mume hajambo. Nikasema yuko kwao. Akaenda zake.

Saa tano nikaugeuza uso wa simu, nikasikiliza.

Siku tatu za kwanza sizikumbuki kwa mpangilio. Wanawake wa kwetu walikuja chumbani kwangu, wakasoma, wakapika, wakaosha vyombo. Miongoni mwao alikuwepo binti wa Mombasa ambaye anasoma sheria hapa chuoni na kuwatafsiria wafanyabiashara kwa ujira mdogo. Ni msichana mwembamba, mcheshi kupita kiasi kwenye matanga, lakini alibaki kufagia wenziwe walipoondoka. Kwa ajili hiyo nilimpenda.

Ijumaa nilitoka. Nilikuwa nimeshaingia eda, na mwanamke wa eda hutoka mchana tu, kwa haja, hajipambi wala hajitii manukato, na kabla ya magharibi yuko ndani. Haja yangu ilikuwa ofisi ya jengo. Kila mkataba mpya lazima uandikishwe pale, na siku tano zinahesabiwa. Karani, kijana mwenye miwani, aliupokea, akaomba pasipoti ya mume wangu.

Nikasema, kwa Kichina changu kibovu, kwamba hayupo.

"Atarudi lini?"

"Amekufa."

Aliacha kuchapa. Akaniuliza siku gani. Nikamwambia Jumanne. Akaigeuza ile karatasi taratibu, akaweka kidole juu ya tarehe, akanitazama. Akampigia simu laoban.

Tuliitwa kikao Jumatatu, tarehe kumi na tano. Binti wa Mombasa akasema atanisindikiza, na atatafsiri bila ujira. Tulifika mapema tukakaa kwenye ngazi za dharura, wapagazi wakipita na marobota mgongoni na kutupigia kelele tuwapishe. Pale ndipo aliponifundisha.

"Sikiza, mamangu. Hapa kwao mkataba wenye kasoro ni aina tatu. Wa kwanza ni batili. Huo umezaliwa maiti. Mtoto mdogo akiuza nyumba, mtu asiye na akili timamu akitia sahihi, watu wawili wakipatana jambo la haramu. Huo hata mkinyamaza miaka mia hauamki."

"Wetu si huo?"

"Ngoja. Wa pili, umezaliwa mzima lakini una ugonjwa. Mtu kadanganywa, au katishwa. Huo wasimama, mpaka yule aliyeonewa aende kulalamika. Ana mwaka mmoja. Akinyamaza mwaka ukapita, mkataba wapona, wawa mkataba kama mwingine."

Huo niliuelewa mara moja, kwa kuwa tuliwahi kuwa nao. Mwaka wa tatu wa duka letu, mume wangu alikwenda Shiling, kule kwenye viwanda vya mikoba, akapatana mikoba ya ngozi kwa ajili ya mteja mmoja wa Dar. Ilipokuja ilikuwa plastiki, nikainusa tu nikajua. Nikamwambia nenda kalalamike. Akasema atakwenda. Alikuwa mtu wa haya, hakupenda kumkabili mtu, na mwaka ukaisha. Nilimwambia binti hadithi hiyo.

"Haya," akasema, "hapo ukimya ulimponya mwenye kiwanda. Sasa wa tatu ndio wa kutazama. Wa tatu haujawa mzima wala haujafa. Wangoja. Mtu kafanya mkataba kwa jina la mtu mwingine pasipo kuwa na ruhusa. Basi wangoja yule mwenyewe aseme ndiyo au la. Na mwenyewe akiwa amekufa, waulizwa warithi."

"Mimi nilikuwa na ruhusa. Aliniachia karatasi."

"Ulikuwa nayo alipokuwa hai. Alipokata roho, ruhusa ilikatika." Alishusha sauti, ingawa wapagazi wale hawakujua Kiswahili. "Lakini kuna mlango. Sheria yasema, aliyeachiwa kazi akiifanya baada ya mwenyewe kufa, naye hakujua kwamba amekufa, wala hakuwa na njia ya kujua, basi kazi ile ni halali. Mkataba wako ni mzima kama mbuzi. Wewe ujumbe uliufungua saa ngapi?"

"Saa tano."

"Na laoban alikuja saa nne."

"Ndiyo."

"Basi. Waonyeshe simu. Hutakuwa umesema uongo hata chembe." Akapiga mapaja yake kwa furaha, akasimama. "Nyinyi wa Unguja Mungu awapenda."

Nilisimama nikamfuata. Nilijua kinachoning'inia pale. Kibali changu cha kukaa kilikuwa cha mke wa mwenye kampuni, na kampuni ile anwani yake ilikuwa duka lile. Mkataba ukiishi, kampuni ingepita kwa warithi, nami ningekuwa na sababu ya kubaki na kazi ninayoiweza. Ukifa, mkataba mwingine kwa jina langu peke yangu nisingepewa, na jirani wa suruali alikuwa ameshaanza kuupima ukuta. Ningerudi Unguja kukaa chumba cha nyuma katika nyumba ya mama mkwe, bila mume, bila mtoto, kwani hatukujaliwa.

Ofisini tulikuwa wanne: karani wa miwani, laoban na chupa yake, sisi wawili. Laoban aliniambia maneno ya pole. Karani akasoma mkataba, akataja tarehe, akaniuliza swali akinitazama mimi, si mtafsiri.

"Anauliza," binti akaniambia, "ulipokuwa wajaza karatasi hii, ulijua kwamba mumeo amekufa?" Akaendelea bila kuvuta pumzi, kwa sauti ile ile, kana kwamba bado anatafsiri, "Nawe mwambie ujumbe uliufungua saa tano, kisha unyamaze."

Nilikuwa nimeshika simu mkononi. Ilionyesha wazi saa niliyofungua.

"Mwambie sikuusikiliza mpaka saa tano," nikasema. "Na mwambie nilijua tangu saa tatu na dakika kumi."

Binti hakutafsiri.

"Mamangu, hiyo nusu ya kwanza yatosha."

"Tafsiri zote mbili."

"Hukujua. Ulihisi. Kuhisi si kujua. Nitasema ulihisi."

"Kama nilihisi tu, kwa nini niliigeuza simu? Nilijua. Ningeusikiliza, nisingeweza kuandika. Ndiyo sababu sikuusikiliza."

Karani akagonga meza kwa kalamu, akasema jambo. "Anataka kujua twazozana nini," binti akaniambia. Kisha akatafsiri, polepole, akiangalia sakafu. Nilijua amesema kweli kwa sababu laoban aliacha kufungua chupa yake.

Laoban ndiye aliyezungumza, maneno mengi, mara akininyooshea mkono, mara akijigusa kifua.

"Anasema," binti akaniambia, "leo angeweza kuuvunja. Sheria yampa haki hiyo, kwa sababu yeye alikuja kwa nia njema na hakujua lolote. Lakini yeye naye ni mjane, na hataki kuitwa mtu aliyempokonya mfiwa. Basi atawaandikia warithi. Wana siku thelathini tangu leo. Wakisema wameridhia, mkataba ni mzima. Wakisema hawataki, umekufa. Na wakinyamaza, itahesabiwa wamekataa."

"Wakinyamaza?"

"Wamekataa. Ndivyo ilivyoandikwa."

Warithi tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe na shemegi. Mimi niliridhia pale pale, kwa jina langu. Karani akaipiga picha barua, nikampelekea shemegi pamoja na maelezo ya Kiswahili aliyoyaandika binti kwa mkono mzuri. Tulipotoka nje binti hakusema nami mpaka tukafika kituo cha treni ya chini.

"Mtu kafungua mlango kwa ufunguo," akasema, "kisha kaingia kwa dirisha."

"Umenikasirikia."

"Sikukukasirikia. Najiuliza tu wakili wa mtu kama wewe hula nini."

Thelathini tangu siku ile ilikuwa inaangukia Jumatano, tarehe kumi na tano ya mwezi wa kumi. Jioni, baada ya magharibi, nilikaa na kalenda nikahesabu siku nyingine, tangu Jumanne ile ya msiba. Arubaini yake ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nane. Nikahesabu tena kwa vidole. Zilipungua siku tatu.

Asiye wa kwetu nimweleze. Katika nyumba ya mama mkwe, mali ya marehemu haitajwi kabla ya arubaini. Nguo zake zinabaki kabatini, viatu vyake vinabaki mlangoni. Siku ya arubaini inasomwa hitma, watu wanakula, na wageni wakishaondoka wakubwa wa nyumba wanakaa chini kusema nani atachukua nini. Anayesema kabla ya hapo huambiwa alikuwa akiisubiri maiti. Nilikuwa mtoto alipofariki baba yangu, na ami yangu aliuliza habari ya baiskeli siku ya ishirini. Mpaka leo watu wa mtaa wetu wanamwita Ami Baiskeli.

Tena kwetu mkubwa akiulizwa jambo naye asikatae, amekubali. Mimi mwenyewe niliolewa hivyo. Waliingia mashahidi chumbani, wakaniuliza mara tatu, nikainamisha uso. Wakatoka wakasema ameridhia. Sikutamka neno, na nilikaa katika ndoa ile miaka kumi na minne.

Shemegi alijibu siku ya pili, kwa kuandika: "Imefika. Mungu akupe subira."

Nikangoja wiki. Nikaandika: "Shemegi, ile barua ina siku zake." Akajibu: "Tunaiona."

Kikaja kimbunga, mji ukafungwa, tukakaa ndani siku mbili upepo ukisukuma madirisha. Ikaja sikukuu ndefu ya Wachina, jengo likafungwa, barabara ile ambayo hata saa sita mchana huwezi kuvuka kwa marobota ikawa tupu, unasikia mtu akikohoa upande wa pili. Laoban akanipelekea boksi la keki zao za mwezi. Binti akasoma viungo akakuta mafuta ya nguruwe, tukampa mlinzi wa jengo letu la kukaa.

Nikampigia shemegi. Nilisikia sauti za watu nyuma yake.

"Shemegi, tuna wageni wa shamba," akasema. "Mambo hayo tuyape nafasi."

"Nafasi yenyewe inakwisha Jumatano."

"Arubaini ni Jumamosi."

"Najua. Ndilo jambo lenyewe."

"Kwani hao hawafi huko?"

"Wanakufa."

"Basi watafahamu." Na alikuwa mpole aliposema hivyo. Hakuwa akinikatalia. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba sote tumeshakubaliana.

Binti alipiga mahesabu yake. Akasema barua ndefu haihitajiki. Sauti kwenye simu inatosha, mtu ajitaje jina na aseme nimeridhia. Akasema tumwache shemegi, twende kwa mama, kwa kuwa mama akitamka, mwanawe atafuata. Siku ya ishirini na nane, Jumatatu, akaja chumbani kwangu, akaketi mbele yangu, akaweka simu yake karibu na yangu ili inase sauti. Nilipiga alasiri, kwao asubuhi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unakula?"

"Nakula, mama."

"Unalala?"

"Kidogo."

"Na mimi kidogo."

Binti alinionyesha vidole viwili, siku mbili.

"Mama, nimepiga kwa ile barua."

"Naijua barua. Nimesomewa."

"Zimebaki siku mbili."

Hakusema kitu. Nilimsikia akipumua, na mtu akichota maji nyuma yake. Binti akaniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu, akakinyanyua: MWAMBIE ASEME.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "kijana wangu hajatimiza arubaini."

"Najua, mama."

"Umeniuliza, nami nimenyamaza. Wewe ni mtoto wa watu, umekaa na mimi. Hukujui kunyamaza kwangu?"

"Nakujua."

"Basi."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na maneno tayari: mama, nakuomba ulitamke kwa mdomo wako, neno moja, watu wa huku hawakujui. Binti alinitolea macho, kiganja bado kiko juu. Lakini yule alikuwa mama aliyemzika mwanawe aliyekuja kumuuguza. Kumtaka aseme nimeridhia mali ya mwanangu iende hivi na hivi, siku tano kabla ya arubaini, ni kumfanya mmoja wa wale waliokuwa wakiisubiri maiti. Angelisema. Ninaamini mpaka leo kwamba angelisema, kwa ajili yangu, na asingenisamehe wala asingejisamehe.

Nikamwambia tuombeane dua. Tukaagana.

Binti akaizima simu yake. "Hilo 'basi' lake," akasema, "nikilitafsiri vizuri laweza kuwa sawa."

"Hakusema sawa."

"Neno moja lilikuwa latakiwa, mamangu. Moja."

"Hakulisema."

"Hukumwomba."

Sikumwomba. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu sitaki mtu aseme nilidhulumiwa.

Jumatano tulikwenda ofisini saa tisa. Karani alisema ofisi inafungwa saa kumi na moja na nusu, na mpaka hapo siku haijaisha, kwa hiyo tukae. Tukakaa. Laoban alikuja na chai yake akakaa nasi. Kila simu ilipotikisika niliidaka, kumbe ni wateja wananiuliza nguo za sikukuu. Mara moja lilikuja jina la shemegi, nikasimama kabisa. Alikuwa ameleta picha ya mbuzi wawili walionunuliwa kwa ajili ya hitma.

"Angalau mbuzi wameridhia," binti akasema, na hakucheka yeye wala mimi.

Saa kumi na moja na nusu karani aliniuliza kama wamejibu. Nikasema hawakujibu. Nikamwomba binti aeleze yote: arubaini, hitma, na kwamba kwetu mkubwa akinyamaza amekubali. Nilitaka tu waijue sababu, wasije wakadhani wale watu walinikataa.

Laoban alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Anasema kwao ni siku arubaini na tisa," binti akatafsiri. "Anasema alipokufa mumewe, shemegi zake nao walinyamaza siku zote hizo, naye akadhani wako pamoja naye. Siku ya hamsini walikuja na gari wakachukua hata sufuria. Anasema siku zile angepata karatasi inayowapa siku thelathini waseme, angeishukuru. Kwa hiyo hawezi kuidharau leo kwa sababu wewe ni mtu mwema."

Karani akaandika pembeni mwa mkataba kwamba haukuridhiwa, akapiga muhuri. Ulikuwa mkataba wa miaka mitatu na uliishi siku thelathini na saba. Nikapewa mpaka Ijumaa jioni kutoa vitu. Kati ya zile karatasi za akiba tano zilizobaki, nne nilizichana mwenyewe, nikaitunza moja, kwa ajili ya sahihi yake.

Ijumaa wapagazi wawili waliteremsha sampuli, rafu na sanamu tatu za watoto. Muuza suruali alisimama mlangoni kwake akatutazama, kisha akaja akashika upande mmoja wa rafu bila kuambiwa. Nikarudi ndani kabla ya magharibi.

Jumamosi ilikuwa arubaini. Nilisoma peke yangu chumbani, katikati ya maboksi. Saa tatu ya usiku huku, saa kumi ya alasiri kwao, ikaja sauti ya shemegi. Nikaifungua pale pale.

"Shemegi, wageni wameshaondoka, tumekaa. Mama amesema, na mimi nimesema. Duka liendelee mikononi mwako. Wapelekee hao."

Nikampigia. Nikamwambia muda ulikwisha Jumatano, na jana nimehama.

"Lakini sisi tulikubali tangu siku ile ya kwanza."

"Najua."

"Sasa walitaka nini zaidi?"

"Walitaka mseme."

Nikasikia akitoa maelezo kwa mtu, kisha simu ikashikwa na mkono mwingine.

"Mwanangu," mama mkwe akasema. "Nimelipoteza mimi?"

"Nilianza kulipoteza mimi, mama, asubuhi ile. Nilijaza karatasi nikijua."

"Na mimi?"

Nilitamani kumwambia hapana.

"Na wewe, mama. Ulinyamaza, na mimi sikukuomba useme."

Akaniuliza kibali changu kimebakisha siku ngapi. Nikamwambia kumi na tisa. Akasema basi nije nimalizie eda kwake, chumba cha mbele, chumba cha nyuma kinavuja. Kisha akamrudishia simu mwanawe, na nikamsikia akiwaita wanawake waje wachukue sahani za pilau kabla hazijapoa.